Josh wawili wa 2018: namba za kwotabeki zinatuambia nini na zinatuficha nini

Shikamooni wazee, na wengine wote hamjambo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, karibuni sana, nawaona mmejaa safu zile za nyuma, sogeeni mbele bwana viti vipo.

Hapa Buffalo hata kama ulikuja unajua mpira wa miguu peke yake, baada ya muda utajikuta Jumapili unauliza Bills, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, wamefanyaje, manake watoto nyumbani wana jezi namba 17 ya Josh Allen na kazini kila mtu anaongea hayo hayo. Sasa vijana wetu wenyewe wameanza kucheza shuleni, wengine wanacheza nafasi ya Allen, kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kurusha pasi, na wazazi wananiuliza, mwalimu wewe unafundisha takwimu, hebu tuambie, tutajuaje kama kijana anakua au anazunguka palepale? Kwa hiyo leo nataka tuongee hilo, na nitatumia watu wawili ambao rekodi zao ziko wazi, Josh Allen ambaye mnamjua, na Josh Rosen ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia.

Wote wawili waliingia NFL, ligi ya kulipwa, mwaka mmoja, drafti ya 2018, yaani pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni. Allen alichukuliwa wa 7 na Bills, Rosen wa 10 na Arizona Cardinals. Nafasi tatu tu kati yao. Msimu wao wa kwanza, Allen alirusha pasi 320, zikafika 169, ndo asilimia 52.8, tachidauni 10, yaani mabao 10 yaliyotokana na pasi zake, intasepsheni 12, yaani pasi 12 zilidakwa na wapinzani. Rosen alirusha 393, asilimia 55.2, tachidauni 11, intasepsheni 14. Ile reitingi rasmi ya NFL ya kupima mpigaji pasi ikampa Allen 67.9 na Rosen 66.7. Tofauti ya pointi moja na kitu! Ukiwa umefunika majina ukaniambia chagua, kwa reitingi hiyo mimi ningesema hawa ni mtu mmoja. Miaka miwili baadaye mmoja amerusha tachidauni 37 na timu yake iko kwenye fainali ya konferensi ya AFC, yaani nusu fainali ya ligi, mwingine anahama timu hadi timu. Sasa swali langu la leo ndo hilo, je kulikuwa na kitu kwenye namba za 2018 ambacho kingetuonyesha, au tulikuwa tunabahatisha tu?

Tuanze na hiyo reitingi yenyewe, manake ndo inayotajwa kila siku kwenye TV na watu hawajui imetoka wapi. NFL walianza kuitumia 1973. Inachukua vitu vinne tu: asilimia ya pasi zilizofika, yadi kwa kila pasi, tachidauni kwa kila pasi, na intasepsheni kwa kila pasi. Kila kimoja kina kikomo, unajumlisha, unagawa kwa sita, unazidisha kwa mia, na mtu hawezi kupita 158.3 hata afanyeje. Sasa ona vitu ambavyo haimo humo: kukimbia na mpira, haimo. Kuangushwa na mpira mkononi kabla hujarusha, haimo. Kupoteza mpira chini, haimo. Na fomula ilipangwa kwa mpira wa zama zile, ambapo kufikisha nusu ya pasi zako ulikuwa mtu wa kawaida kabisa, wakati mwaka 2018 wastani wa ligi nzima ulikuwa karibu asilimia 65. Kwa hiyo ni kipimo ambacho hakijui dunia imebadilika, na mimi nasema wazi kwa kijana anayekimbia hakifai kabisa kutumika peke yake.

Manake Allen mwaka huo wa kwanza alikimbia yadi 631 na tachidauni 8 kwa miguu yake mwenyewe! Katika mechi 12. Reitingi haikuona hata yadi moja. Hapo tayari wale Josh wawili sio mtu mmoja tena.

Kuna kipimo kingine kizuri zaidi ambacho hata mzazi anaweza kukipiga kwa kikokotoo cha simu. Chukua yadi zote za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila intasepsheni, toa na yadi alizopoteza kwa kuangushwa, halafu gawa kwa jumla ya pasi na mara alizoangushwa. Hiyo 45 sio namba ya kuokota, ni makadirio ya umbali ambao timu inapoteza mpira ukidakwa na mpinzani. Allen 2018 anapata 4.37, ambayo ni mbaya, tusidanganyane. 2019 anapata 5.71. 2020 anapata 7.82. Huyo sasa unaona anapanda, na unampima pamoja na kuangushwa kwake, manake kwotabeki anayeshika mpira muda mrefu akaangushwa anaigharimu timu hata kama asilimia yake ni safi. Vijana nawaomba hapa mnisikilize, kuna mtu anaogopa kurusha ili asiharibu asilimia, anakaa na mpira, anaangushwa, mechi inaisha ana asilimia 70 na timu imefungwa.

Sasa twende kwenye jambo ambalo ndo moyo wa kazi yangu, yaani bahati. Pasi 320 unaziona nyingi lakini kwa hesabu sio nyingi. Ukipiga hesabu ya kuyumba, yaani namba inavyoweza kupanda au kushuka kwa bahati tu, mtu mwenye 52.8 kwa pasi 320, uwezo wake wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 47 na 58 hivi. Mwaka 2019 Allen alifikisha 271 kati ya 461, ni 58.8. Je alikua? Labda. Ukilinganisha ile nafasi ya kuyumba ya miaka yote miwili, ongezeko la pointi 6 ni dalili nzuri lakini mtu mbishi bado anaweza kukuambia ni bahati na huna la kumjibu. Ila 2020 akafikisha 396 kati ya 572, ni 69.2, ongezeko la pointi zaidi ya 10 kwa mwaka mmoja, hapo mbishi anyamaze, kuyumba kwa bahati hakufiki huko hata kidogo. Kitu halisi kilibadilika. Kwa hiyo ukiniuliza lini takwimu zilituhakikishia Allen amekua, sio 2019 jamani, ni 2020, na waliokuwa wanashangilia mapema walikuwa na matumaini, ambayo sio vibaya, lakini ushahidi ulikuwa haujatimia.

Na ukitaka kuona bahati ikimpamba mtu angalia kwotabeki Nick Foles wa Philadelphia mwaka 2013. Pasi 317, tachidauni 27, intasepsheni 2. Mbili! Reitingi 119.2. Watu wakasema kapatikana. Mwaka uliofuata karibu pasi zile zile, 311, tachidauni 13, intasepsheni 10. Hakusahau mpira usiku mmoja, ni kwamba intasepsheni ni tukio la nadra, na tukio la nadra linayumba sana mwaka hadi mwaka, pasi inamgonga beki mikononi inaanguka chini, mwaka mwingine ile ile inadakwa. (Foles baadaye alishinda Super Bowl, fainali kuu ya NFL, na akawa MVP, yaani mchezaji bora, wa fainali ile, Februari 2018, kwa hiyo simdharau hata kidogo, namheshimu sana.) Lakini kijana wako akimaliza msimu na intasepsheni moja usikimbilie kumwita mtaalamu, na akimaliza na tisa usimvunje moyo, kwanza hesabu amerusha ngapi.

Halafu kuna kitu tunakosea sana, tunahesabu yadi bila kuuliza zilipatikana wakati gani. Timu ina majaribio manne kusogea yadi 10. Jaribio la tatu, zimebaki yadi 8, kwotabeki anarusha ya yadi 7, mwenzake anaidaka vizuri. Kwenye karatasi ni pasi nzuri, asilimia inapanda, yadi zinapanda. Uwanjani timu inapiga mpira mbele na kuwaachia wapinzani. Yadi zile zile 7 zikibaki yadi 2 ni maisha. Ndo maana siku hizi wanahesabu pointi zinazotarajiwa, yaani kabla ya jaribio hali hii kwa wastani ina thamani ya pointi ngapi, baada ya jaribio ni ngapi, ile tofauti ndo mchango. Na hili wazo nalipenda kwa sababu mmoja wa walioliweka kwenye maandishi alikuwa kwotabeki mwenyewe! Virgil Carter wa Cincinnati Bengals, pamoja na mwanataaluma Robert Machol, walichapisha kazi yao 1971 wakitumia majaribio zaidi ya 8,000 ya msimu wa 1969. Mchezaji anakaa na kadi za kompyuta kuhesabu mpira wake, vijana mnaosema hesabu haina kazi uwanjani mkumbuke huyo mzee.

Na siku hizi wachezaji wa NFL wana chipu ndani ya kinga zao za mabega, inajulikana kila mtu yuko wapi mara kumi kwa sekunde, kwa hiyo wanaweza kukadiria pasi hii ilikuwa ngumu kiasi gani, mdakaji alikuwa peke yake au amebanwa, mpira ulikwenda umbali gani. Halafu wanalinganisha asilimia yako na ile iliyotarajiwa. Hii ni muhimu kwa mtu kama Allen wa mwanzoni manake alikuwa mmoja wa waliokuwa wanarusha mbali kuliko wengi kwenye ligi, na pasi ya yadi 25 huwezi kuipima sawa na ya yadi 4.

Sasa mazingira. Dereva wa basi akifika amechelewa unauliza kwanza barabara ilikuwaje na gari ni zima, si ndio? Rosen 2018 aliangushwa mara 45. Kocha aliyepanga mashambulizi alifukuzwa Oktoba katikati ya msimu, kocha mkuu akafukuzwa msimu ulipoisha, akaja mwingine na mfumo mwingine kabisa, timu ikamchukua Kyler Murray wa kwanza kwenye drafti ya 2019, na Rosen akapelekwa Miami. Mwaka mmoja tu! Allen upande wake alikaa na Brian Daboll yule yule akipanga mashambulizi kuanzia 2018 hadi 2021, misimu minne lugha ile ile. 2019 wakamletea Mitch Morse katikati ya laini ya wanaomlinda, wakamletea John Brown na Cole Beasley wa kudaka, 2020 wakamletea Stefon Diggs, ambaye mwaka huo alidaka pasi 127 kwa yadi 1,535 na kuongoza ligi nzima kwa vyote viwili. Na Allen mwenyewe nje ya msimu alikuwa anafanya kazi na Jordan Palmer, kocha binafsi wa makwotabeki, kurekebisha namna ya kurusha. Sasa ile pointi 10 ya 2020, ya Diggs ni ngapi na ya Allen ni ngapi? Takwimu haziwezi kuigawa vizuri kwa mwaka huo peke yake. Ila Diggs aliondoka kabla ya msimu wa 2024, na msimu huo Allen akarusha tachidauni 28 na intasepsheni 6 na akawa MVP wa ligi. Hapo ndo tukapata jibu, kwa kuondoa kitu kimoja na kuona kilichobaki.

Na Rosen hatutajua kamwe. Hili linaniumiza kusema kweli, simaanishi angekuwa Allen, sidhani, lakini kipimo chake kilichukuliwa mahali pabaya na kikabaki kuwa jina lake.

Kwa wazazi basi, mnaokaa pale kwenye baridi Ijumaa usiku. Chukueni daftari. Andika kila mara kijana anaporudi nyuma kurusha, sio pasi zilizofika tu: alirusha au aliangushwa, jaribio la ngapi, zilibaki yadi ngapi, alikuwa na watu wanamkimbilia au alikuwa na nafasi. Zile za akiwa na nafasi zitenge, manake zinajirudia zaidi mwaka hadi mwaka kuliko zile za kubanwa. Na msimfananishe na mtoto wa shule nyingine wanaocheza na timu dhaifu, mfananisheni na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Kaka pale ameuliza swali zuri, nilirudie wote msikie: mwalimu, 2018 wewe ungemchagua Allen? Kwa namba peke yake hapana. Chuo kikuu Wyoming alifikisha asilimia 56 hivi, na wengi wanaotoka chuo na asilimia hiyo hawafiki mbali, huo ndo ukweli na mtu asiwadanganye kwamba Allen ni kanuni. Lakini angalia drafti ile, kwotabeki watano raundi ya kwanza, Baker Mayfield, Sam Darnold, Allen, Rosen, na Lamar Jackson wa mwisho kabisa nafasi ya 32. Wenye asilimia ndogo zaidi ya chuo kati ya hao watano ni wawili, Allen na Jackson, Jackson alikuwa na 57. Na ndo hao hao wawili wamekuwa MVP, Jackson 2019 na 2023, Allen 2024. Wote wanakimbia. Watu watano ni wachache mno kutengeneza kanuni, sitaki mtoke hapa mkisema asilimia ndogo ni nzuri, hapana. Ila miguu yao ilikuwa kwenye karatasi tangu mwanzo, yadi zimeandikwa, tachidauni zimeandikwa, na kipimo tulichokuwa tunakitaja kwenye TV kila Jumapili kilikuwa hakina hata sehemu ya kuziweka.