Bahasha za Helena: Fedha za Makampuni Katika Uchaguzi wa Montana

Asanteni. Itifaki imeshazingatiwa, kwa hiyo niwapeleke moja kwa moja Helena, makao makuu ya jimbo la Montana, Marekani, Januari 1899.

Enzi hizo maseneta walichaguliwa na wabunge wa majimbo, si wananchi. Tajiri wa shaba, William Clark, aliutaka useneta. Mbunge Fred Whiteside akatoa hadharani bahasha zenye noti 30, kila moja dola 1,000, akasema ni hongo kutoka kwa watu wa Clark. Mnaokumbuka takrima hamtashangaa: siku chache baadaye Whiteside ndiye aliyepoteza kiti, Clark akachaguliwa. Ilibidi ajiuzulu mwaka 1900, Seneti ilipomchunguza. Mwaka 1901 akachaguliwa tena!

Mwaka 1903 kampuni ya Amalgamated Copper, baada ya kushindwa kesi, ilifunga shughuli zake na kuwaacha maelfu bila kazi, mpaka gavana akaitisha kikao maalumu cha bunge. Sheria ambayo kampuni hiyo iliitaka ikapita.

Basi mwaka 1912 wananchi wenyewe, kwa kura ya maoni, wakayapiga marufuku makampuni kutia fedha katika uchaguzi. Marufuku hiyo ilidumu karibu karne nzima. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Citizens United, ikaamua kwamba kampuni inaweza kumpigia debe mgombea kwa fedha yoyote inayotaka, mradi haishirikiani naye. Mahakama ya Juu ya Montana ikakaidi, ikaibakisha marufuku yake na kusimulia historia hii yote. Juni 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani, kule Washington, ikautengua uamuzi huo, majaji watano kwa wanne, bila hata kusikiliza mawakili. Hilo bado linaniudhi.

Montana ikabadili mbinu. Sheria yake ya 2015 inavitaka vikundi vinavyolipia matangazo ya kumtaja mgombea karibu na kura vitangaze matumizi na wafadhili, hata vikijiita vya ustawi wa jamii, jina ambalo vikundi vya kisiasa hulitumia kuficha wafadhili.

Wengine husema kutangaza majina ni kujifariji, maana hata bahasha za Whiteside zilionekana na Clark akapita. Sawa, lakini zilionekana na nani? Waliopiga kura ndio haohao waliokuwa wakihongwa. Leo anayeonyeshwa ni mpiga kura, ilimradi aonyeshwe mapema. Kwa hiyo mkiletewa mswada wa namna hii, tafuteni kwanza kifungu cha muda: ripoti inatolewa kabla ya kura, au baada? Halafu someni adhabu.

Karibuni kwa maswali.