Mbunge wa Jimbo ni Wako Hata Kama Hupigi Kura
Mhadhara kwa wakazi wa Brooklyn Park na vitongoji jirani, Minnesota

Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana, nawasalimu kwa heshima. Najua baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku na hamjafumba jicho, kwa hiyo sitawazungusha.

Tulikotoka, mbunge tunamjua kwa mkono wake. Anachanga kwenye harambee, anafika mazishini, anaulizwa habari za basari. Kenya ina CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo la mbunge, tangu 2003, Tanzania ina Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo tangu 2009. Basi mtu akihamia Minnesota akaambiwa mbunge wa hapa hana mfuko wa kumlipia mtoto karo, anaona huyo hana faida. Anabaki na shida yake miezi mingi, simu haipokelewi, barua haijibiwi, na kumbe kuna ofisi inayolipwa kwa kodi yake mwenyewe ili imsaidie. Hilo ndilo linaloniuma na ndilo lililonileta mbele yenu.

Hapa una wawakilishi wa ngazi mbili. Wa Kongresi, yaani Bunge la Marekani nzima kule Washington, ndio wa mambo ya uraia, grini kadi, viza, pasipoti na Social Security, yaani hifadhi ya jamii. Wa Bunge la Jimbo, yaani la Minnesota nzima, wako hapo St. Paul: wajumbe 134 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 67. Kila eneo la seneta limegawanywa mara mbili, A na B, kwa hiyo kila mmoja wenu ana seneta mmoja na mbunge mmoja. Mjumbe wa Kongresi kutoka Minnesota anawakilisha watu zaidi ya laki saba. Mbunge wako wa jimbo, kwa hesabu ya sensa ya 2020, ana watu kama 42,600. Ndiyo maana barua yako kwake haizami.

Na nawaomba mlishike hili: hesabu hiyo ni ya watu wanaoishi hapa, si ya wapiga kura. Amehesabiwa mtoto wa chekechea, mwenye grini kadi, na mkimbizi ambaye bado anajifunza njia za mabasi. Huhitaji kuwa raia ili umwandikie mbunge. Kupiga kura ni jambo lingine kabisa. Kama hujawa raia, usijiandikishe kupiga kura, hata karani akikuwekea fomu mbele, hata rafiki akikuambia hakuna neno. Kosa hilo linaweza kukuharibia maombi ya uraia. Soma kila fomu kabla ya kutia sahihi, hasa pale unapochukua leseni ya gari.

Sasa, unamwandikia kuhusu nini? Kuhusu idara za jimbo. Hapa ukumbini tuna wauguzi wengi: leseni yako iko Bodi ya Uuguzi ya Minnesota, na hiyo ni ya jimbo. Wenye makao ya watu wenye ulemavu, kibali chenu ni cha jimbo. Leseni ya gari, fidia ya aliyepoteza kazi, Medical Assistance, yaani bima ya afya ya wenye kipato kidogo, kodi ya mapato ya Minnesota, vyote ni vya jimbo. Wapangaji, unafuu wa kodi anaorudishiwa mpangaji, yaani Renter's Credit, kuanzia mwaka wa kodi 2024, unaombwa ndani ya ritani ya mapato ya jimbo. Usipojaza ritani, huupati. Nina hakika kuna watu humu wameuacha.

Ofisi ya mbunge haiwezi kuiamuru idara ikupe leseni. Haiwezi pia kugusa kesi iliyo mahakamani. Inachoweza ni kuuliza faili lako liko wapi, limekwamia nini, na nani ana jukumu la kulijibu. Idara zina maofisa ambao kazi yao ni kuwajibu wabunge, na mara nyingi swali hilo moja linatosha kulitoa faili chini ya rundo. Lakini sheria ya Minnesota inalinda taarifa zako, kwa hiyo utaombwa idhini ya maandishi kabla idara haijamweleza mbunge habari zako. Usiogope fomu hiyo, inakulinda wewe.

Andika kwa ufupi. Anza na anwani ya unapoishi, kwa sababu jambo la kwanza msaidizi wa mbunge atakalotazama ni kama wewe ni wa eneo lake. Taja idara, namba ya ombi, tarehe uliyoomba, na unachotaka. Kiingereza cha kuvunjika hakina neno. Kinachochelewesha ni kurasa tatu za malalamiko zisizo na namba ya faili. Na nakala za kadi ya Social Security usizitume kwa barua pepe mpaka uulize zipitie wapi kwa usalama.

Tuje kwenye taarifa zao. Jiandikishe upate barua pepe za mbunge na za seneta, maana Bunge likikaa wengi hutuma habari mara kwa mara. Utaona HF na namba: huo ni mswada wa Baraza la Wawakilishi. SF ni wa Seneti. Ukisoma kwamba mswada umesikilizwa kwenye kamati, bado si sheria, na usiruhusu mtu akutoze fedha kwa ahadi ya kitu ambacho hakijapita. Ukishatiwa sahihi na gavana, tazama tarehe ya kuanza. Sheria isiyotaja tarehe kwa kawaida huanza 1 Agosti, na ya matumizi ya fedha 1 Julai.

Chukueni mfano: sheria ya leseni ya gari bila kujali hadhi ya uhamiaji ilikuwa HF 4 ya mwaka 2023. Tangu 2003 kanuni ya jimbo ilikuwa imefunga mlango huo. Miaka ishirini! Watu waliofanya kazi viwandani na mashambani walikwenda kwenye kamati, wakaeleza wanavyoendesha kwa hofu kuwapeleka watoto shule, wakakataliwa, wakarudi. Gavana Tim Walz aliitia sahihi Machi 2023, ikaanza 1 Oktoba mwaka huohuo. Wengi wa waliokuwa wakizungumza pale hawakuwa na kura hata moja. Kamati hupokea ushahidi wa mdomo na wa maandishi, na anayetaka kusema humwandikia msimamizi wa kamati mapema. Sisi tunaowahudumia wazee wa jimbo hili usiku na mchana tuna mengi ya kuiambia kamati ya afya, na viti vya wanaotoa ushahidi havina majina ya watu.

Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley alichaguliwa, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia Bunge hili la Jimbo. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kama huishi kwenye eneo lake, usimrundikie faili lako kwa kuwa anatamka jina lako sawasawa. Mwenye wajibu kwako ni mbunge wa mtaa wako, hata kama hajawahi kuonja ugali.

Naona dada pale nyuma ameinua mkono. Anauliza, je, ukimwandikia mbunge wa chama usichokipenda? Mwandikie. Msaidizi atakuuliza anwani, hatakuuliza chama. Na asipojibu kwa wiki mbili, mpigie simu, kisha mwandikie seneta wako, maana naye ni wa kwako. Wenye barua za idara mikononi, njooni hapa mbele tuzisome pamoja.