Banda kwanza, kuku baadaye: jinsi ya kuwalaza salama kuku wako wa mwanzo

Karibu, ndugu mtazamaji. Nimesimama ndani ya banda tupu, ni mchana, na mlango nimeufunga. Subiri kidogo macho yazoee giza. Umeona pale juu kwenye kona, kimwanga kidogo kama sarafu? Pale bati limelala juu ya ukuta, na mkunjo wake umeacha uwazi. Kwenye uwazi kama ule, kicheche aliwahi kuingia akaniulia vifaranga 9 usiku mmoja. Niliwakuta asubuhi wamelala matandazoni, shingo zimeng'atwa, wengine hata hawajaguswa nyama. Na mlango nilikuwa nimeufunga vizuri kabisa. Ndiyo maana leo hakuna kuku kwenye video mpaka mwishoni. Tunajenga kwanza.

Mahali pa kujenga utapajua siku ya mvua. Mvua ikikatika, zunguka uwanja uangalie maji yanatuama wapi. Hapo usijenge hata kama ni karibu na nyumba. Unyevu kwenye matandazo ndio chanzo kikubwa cha kuhara damu, na vifaranga hawaustahimili ugonjwa huo. Tafuta palipoinuka, chimba mtaro mdogo upande maji yanakotokea, na mapaa yatoke nje ya ukuta kiasi cha nusu mita ili mvua ya upepo isiingie. Kama unaishi kwenye joto, ncha fupi za banda zielekee mashariki na magharibi. Jua la asubuhi na la jioni litapiga ukuta mfupi tu. Na banda lisiwe mbali sana. Kuku wakipiga kelele usiku, lazima uwasikie ukiwa kitandani.

Sasa ukubwa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mitetea 10 na jogoo 1, basi. Kuku wanaotoka nje mchana na kurudi kulala, hesabu 4 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo hawa 11 wanatoshwa na banda la mita 2 kwa mita 1.5. Kimo kikutoshe wewe uingie umesimama, maana banda la kuinama halifagiliwi. Nimeona mabanda mengi mazuri yakachakaa kwa uchafu kwa sababu hiyo hiyo moja.

Twende kwenye ukuta. Nisogezee kamera hapa. Mkono huu nimeshika wavu wa kawaida wa kuku, ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita. Mkono huu ni wavu mzito wa kuchomelea, matundu yake nusu inchi. Angalia: huu mwembamba nauvuta kwa vidole viwili tu, tayari tundu limepanuka. Mbwa anaupasua, na panya anapita bila kuhangaika. Wavu huu kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mnyama asiingie, hauwezi. Kwa hiyo madirisha na kila uwazi wa hewa, weka huu mzito. Kama fedha haitoshi, punguza idadi ya kuku, usipunguze wavu.

Usiupigilie misumari peke yake. Bana kingo zake zote kwa papi za mbao, kisha ndiyo upigilie misumari juu ya papi. Ukisukuma kwa kiganja, usitikisike.

Chini nako kuna wachimbaji. Watu wengi huchimba mtaro na kuzika wavu wima. Inafaa, lakini kuna njia nyepesi: tandaza wavu juu ya ardhi, kuanzia mguuni mwa ukuta kwenda nje, upana wa sentimita 45. Ufunge na ukuta, uwekee mawe juu, ufukie kwa udongo kidogo. Mnyama anayetaka kuingia huja kuchimba hapa hapa, mguuni mwa ukuta. Akikuta chuma huhama akajaribu pengine, ila kurudi nyuma nusu mita aanze upya ni nadra sana. Nyasi zikiota juu yake, wavu unashikana na ardhi kabisa.

Kisha ule uwazi wa bati. Kila mkunjo uzibe, ama kwa wavu ama kwa saruji. Ukimaliza fanya nilichofanya mwanzo: ingia, funga mlango, tafuta mwanga. Mwanga ukipita mahali pasipo na wavu, ingiza kidole gumba. Kikipita, ziba. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo naiamini kuliko zote nilizokuonyesha.

Lakini kuziba matundu si kuziba hewa, tafadhali tuelewane hapo. Kinyesi cha kuku hutoa amonia, na kuku anayeivuta usiku kucha huanza kukohoa na kutoa machozi. Acha uwazi mpana wenye wavu juu ya ukuta, juu ya vichwa vya kuku waliolala, ili upepo upite bila kuwapiga mwilini. Kujua kama hewa inatosha, ingia alfajiri uchuchumae, pua yako ifike alipo kuku. Macho yakiwasha, ongeza uwazi au badilisha matandazo.

Ndani hakuna mengi. Sakafu, weka maranda ya mbao makavu au pumba za mpunga, kina cha sentimita 5 hadi 10. Palipolowa unatoa papo hapo. Vichanja vya kulalia viwe vya mbao yenye upana kama sentimita 5, kingo zimelainishwa, na kila kuku apate sentimita 20 hadi 25. Kwa kuku wetu 11, fito mbili za mita moja na nusu zinatosha. Ziweke juu kuliko viota. Hili wengi hulikosea: kuku hupenda kulala mahali pa juu kuliko pote, na kiota kikiwa juu watalala humo, asubuhi mayai yanakuta kinyesi. Viota 3 vinatosha, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, kwenye kona yenye giza. Na nyufa za fito uzikague mara kwa mara kwa tochi usiku, maana utitiri hujificha humo mchana na kutoka gizani kunyonya damu.

Mlango uwe na makomeo mawili, moja juu na moja chini. Komeo la chini ndilo linalozuia mlango kusukumwa pembeni ukaacha upenyo.

Sasa walete kuku. Kama tayari una wengine, wageni wakae mbali nao wiki 2 hadi 3, na vyombo vyao vya maji viwe vyao peke yao. Wale wa zamani uwahudumie kwanza, wageni mwisho. Kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza upesi na kuua, hakina dawa ya kukitibu, na kinaingia na kuku mgeni mwenye sura nzima kabisa. Chanjo yake ni kwa kuku mwenye afya, kabla hajaugua. Mtafute mtaalamu wa mifugo wa eneo lako akupangie ratiba kabla ya kununua, si baada. Vifaranga wadogo nao wasichanganywe na wakubwa. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Ukitumia jiko la mkaa, moshi na gesi yake lazima vipate pa kutokea, la sivyo unawaua kwa kuwapasha moto.

Hawa wakubwa, wafungie ndani wiki nzima ya kwanza, chakula na maji humo humo, wajue kwao ni wapi. Siku ya nane jua likikaribia kuzama, simama hapa mlangoni bila kuwafukuza. Watarudi wenyewe, mmoja mmoja, wagombane kidogo juu ya fito kisha watulie. Giza likishika hawaoni vizuri tena, kwa hiyo aliyebaki nje mtafute kwa mkono. Wahesabu kwa tochi uliyoinamisha chini. Tisa, kumi, yule jogoo kwenye ncha. Komeo la juu. Komeo la chini.