Mtoto wa Mtumishi Aliyeiandikia Romania Ukoo wa Fasihi Yake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Tarehe 19 Juni 1899, mjini Bucharest, mwanamke aitwaye Maria Vișan alijifungua mtoto wa kiume. Maria alikuwa mtumishi wa ndani, na mtoto yule hakuzaliwa katika ndoa. Waajiri wake, bwana Constantin Călinescu, mfanyakazi wa reli, na mkewe, walimlea yule mtoto, wakahama naye hadi Botoșani, kisha Iași. Mwaka 1907 Maria akaridhia wamwasili rasmi. Hapo ndipo kijana alipopata jina tunalomjua kwalo: George Călinescu.

Naanza na nyumba ile kwa sababu kila nikimsoma Călinescu najikuta nimerudi mlangoni pake. Huyu ndiye mhakiki mkubwa kuliko wote waliowahi kuandika kwa Kiromania. Hayo ni maoni yangu, na niko tayari kuyatetea. Na kazi iliyomchosha maisha yake yote ilikuwa kazi ya nasaba: nani kamzaa nani, sauti hii imetoka kwa babu yupi.

Masomo yake nayapitia haraka. Alihitimu Chuo Kikuu cha Bucharest mwaka 1923. Mwalimu wake Ramiro Ortiz, Mwitaliano, alimpa lugha ya Dante na subira ya kukaa na karatasi za zamani. Akapelekwa Roma, katika shule ya Waromania iliyoongozwa na Vasile Pârvan, kisha akarudi kufundisha Kiitaliano katika shule za sekondari. Alikuwa na umri wa miaka 33 alipochapisha kitabu kilichomtoa gizani.

Kitabu hicho ni wasifu wa Mihai Eminescu, uliotoka mwaka 1932. Eminescu ni mshairi wa taifa. Alifariki mwaka 1889 akiwa na miaka 39, na tangu siku hiyo watu walianza kumfanya mtakatifu. Călinescu akamrudisha kuwa mtu: mwenye njaa, mwenye wivu, mwenye vyumba vya kupanga vilivyojaa vitabu na vumbi. Hakubuni. Mwaka 1902 mhakiki Titu Maiorescu alikuwa amekikabidhi Chuo cha Taifa cha Romania, yaani Akademia, jumuiya ya wasomi wa nchi, sanduku la madaftari ya mshairi, maelfu ya kurasa za mwandiko wa kukimbizana. Călinescu aliyasoma kwa mapana kuliko wengi waliomtangulia, akaandika juu yake vitabu vingine vitano kati ya 1934 na 1936. Hata tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea Iași mwaka 1936, ilihusu hadithi ambayo Eminescu hakuichapisha. Mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika chuo kikuu cha mji huohuo.

Waliomsikia darasani hawakuisahau sauti yake. Ilikuwa nyembamba, ya juu, ikipanda na kushuka kama ya mtu anayeghani. Rekodi zimebaki, na anayezisikia kwa mara ya kwanza hushtuka. Mimi nilishtuka. Kisha nikaelewa kwamba kwake uhakiki ulikuwa sanaa, na sanaa lazima itoke mwilini. Aliamini kwamba mhakiki anapaswa kuwa amejaribu kutunga mwenyewe, tena ashindwe katika tanzu nyingi kadiri inavyowezekana, ndipo ajue kwa uchungu kazi njema inagharimu nini.

Yeye alijaribu riwaya, na hakushindwa. Mwaka 1938 alitoa *Enigma Otiliei*, yaani Fumbo la Otilia. Naomba tusimame hapa kidogo. Ni Julai 1909. Kijana yatima, Felix, anafika usiku kwenye nyumba chakavu katika mtaa wa Antim, Bucharest. Humo anaishi mzee Costache, bahili wa kutisha, pamoja na Otilia, binti wa marehemu mkewe. Costache anampenda Otilia kwa dhati. Anataka kumwasili. Kila siku anasema atafanya, na kila siku anaahirisha, kwa woga wa dada yake na kwa uchungu wa kuachia fedha. Anakufa bila kutia saini, na fedha alizoficha chini ya godoro zinaibwa akiwa kitandani.

Mwandishi aliitaka riwaya hiyo iitwe Wazazi wa Otilia. Mchapishaji ndiye aliyebadilisha. Sasa kumbukeni mwaka 1907. Mtoto wa Maria Vișan alipata saini ile. Otilia hakuipata. Sidai kwamba riwaya ni wasifu wa siri, lakini najua ni nani angeweza kuuandika woga wa mtoto anayesubiri karatasi.

Kisha likaja lile jitabu. Mwaka 1941 ilitoka historia yake ya fasihi ya Romania tangu mwanzo hadi siku zake, karibu kurasa elfu moja za umbo kubwa, zenye picha za waandishi. Mwaka mmoja kabla, Romania ilikuwa imepoteza jimbo la Bessarabia kwa Umoja wa Kisovyeti na kaskazini ya Transylvania kwa Hungaria. Katika utangulizi Călinescu anawapanga waandishi kama walinzi wa mipaka: Eminescu Bukovina, Hasdeu Bessarabia, Rebreanu kando ya Năsăud, huko Transylvania. Ardhi ilikuwa imechukuliwa; yeye akachora ramani kwa majina ya watu wa kalamu. Akataja pia visasili vinne ambavyo fasihi ile imesimama juu yake. Kimojawapo ni cha mwashi Manole, ambaye ukuta wake ulibomoka kila usiku mpaka alipomjengea mkewe ndani yake.

Kitabu kilishambuliwa papo hapo. Utawala ulikuwa wa Ion Antonescu, dikteta aliyeshirikiana na Ujerumani ya Hitler; mwishoni mwa Juni mwaka huo maelfu ya Wayahudi walikuwa wameuawa Iași, mji aliofundisha. Wazalendo wenye siasa kali walidai kitabu kipigwe marufuku, na moja ya makosa yake ni kwamba kiliwaweka waandishi wa Kiyahudi ndani ya fasihi ya Kiromania. Namheshimu kwa hilo. Lakini sitawaficha kwamba sura ya mwisho, ya tabia ya taifa, inawagawa watu kwa asili zao kwa maneno yanayoniumiza. Mtoto asiye na ukoo alipopewa kalamu ya kugawa ukoo, hapo aliteleza.

Wakomunisti, walioshika madaraka baada ya vita, walimwinua na kumbana. Walimfanya mbunge na mwanachama wa Chuo cha Taifa, wakampa taasisi aiongoze, lakini mwaka 1949 wakamwondoa darasani. Naye aliandika makala za kuusifu utawala, na kurasa za safari ya Urusi ambazo sizisomi tena. Riwaya yake *Bietul Ioanide* ya mwaka 1953 ilipokewa kwa shutuma. Ile historia haikuchapishwa tena akiwa hai.

Alifariki tarehe 12 Machi 1965. Toleo la pili la historia lilitoka mwaka 1982, likiwa limeandaliwa na Alexandru Piru, aliyekuwa msaidizi wake. Taasisi aliyoiongoza leo ina jina lake, lile alilopewa mwaka 1907. Amezikwa Bellu, mjini Bucharest, kwenye makaburi aliyolala Eminescu.