Pipi za chokoleti zenye karameli na korosho ndani

Haya, karibuni jikoni. Leo ni pipi za chokoleti, na ndani yake kuna karameli laini na korosho. Ni za kula wenyewe nyumbani, kwa hiyo zikitoka zimepinda hakuna wa kutuuliza.

Vitu vyote viko mezani: sukari gramu 200, siagi gramu 90, krimu nzito mililita 120, chumvi nusu kijiko cha chai, korosho gramu 150 na chokoleti nyeusi gramu 400. Unaweza kutumia karanga au lozi, ila mimi na korosho hatuachani. Kama nyumbani kuna mwenye mzio wa karanga au korosho, jueni mapema kabla jiko halijawashwa.

Korosho nazikaanga kavu, bila mafuta, moto mdogo, nageuzageuza mpaka zinukie na kupata rangi. Zikishaiva zitoe kwenye kikaango saa hiyo hiyo, maana kikaango bado cha moto na kitaziunguza hata jiko likiwa limezimwa. Kisha zikatekate, vipande visiwe vidogo sana. Na wewe unayedokoa huko pembeni, mkono wako umeonekana kwenye kamera! Bakiza basi.

Trei ya sentimita 20 kwa 20, karatasi ya kuokea ndani yake, korosho juu. Tumemaliza hapo.

Sasa karameli, na hapa tutakwenda polepole. Chukua sufuria yenye kina, kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Krimu ipashe moto pembeni kwanza. Tafadhali msikilize hapa: krimu iwe ya moto. Sukari ikishayeyuka inafika kama nyuzi 170, ukiitia krimu iliyotoka kwenye friji inaruka juu, na sukari yenyewe inashikana kuwa donge gumu.

Sukari naitia kidogo kidogo kwenye sufuria kavu, moto wa wastani. Hii ya kwanza ikiyeyuka, naongeza nyingine. Mwiko weka kando kwa sasa, tikisa sufuria tu. Tunasubiri rangi ya asali iliyokolea. Usiondoke! Simu ikilia, iache ilie. Kutoka rangi nzuri mpaka kuungua ni sekunde chache, na iliyoungua ni chungu, hakuna cha kuiokoa, anza upya.

Rangi hiyo hapo. Nazima moto. Siagi inaingia, nakoroga. Sasa krimu... ni ya moto? Ya moto. Namimina kidogo, nakoroga, nangoja itulie, naongeza...

Hapo hamuoni kitu, najua, mvuke umeziba lenzi. Ngojeni nifute. Haya, tumerudi. Mmekosa kuiona ikifura, lakini ilipanda mpaka hapa, karibu na ukingo. Ndiyo maana nilisema sufuria iwe kubwa.

Narudisha kwenye moto mdogo mpaka kipimajoto kisome 118. Ukitoa kwenye 112 utapata mchuzi mzito wa kumwagia keki, ukifika 125 utapata kitu cha kupigana nacho kwa meno. Huna kipimajoto? Dondoshea kidogo kwenye bakuli la maji baridi, kisha kusanya kwa vidole humo humo ndani ya maji. Ukipata kidonge kinachoshika umbo lakini kinabonyea, tayari. Lakini kinunueni jamani, kwenye chokoleti mtakihitaji tena.

Chumvi inaingia, namimina juu ya korosho. Watoto wakae mbali, maana karameli ya moto inanata kwenye ngozi. Ikikugusa, weka mkono chini ya bomba, maji ya baridi yatiririke dakika 20. Usipake siagi wala dawa ya meno.

Iache saa 2 au 3 juu ya meza. Kata kwa kisu kilichopakwa mafuta kidogo, vipande vyovyote upendavyo.

Chokoleti sasa. Sheria ni moja: maji yasiiguse. Bakuli kavu, mwiko mkavu, mikono mikavu. Tone moja tu linaifanya iwe uji wenye chembechembe na haitachovyeka tena.

Ikatekate, theluthi moja weka pembeni. Iliyobaki iyeyushe kwenye bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto, bakuli lisiguse maji, mpaka ifike nyuzi 45. Nainua bakuli na... ngoja. Naomba kamera isogee chini. Mnaona matone chini ya bakuli? Futa! Ndiyo hayo maji ninayoyasema. Futa kabla hujafanya lolote, vinginevyo yatadondokea mahali unapochovyea.

Tia ile theluthi, koroga mpaka ishuke kwenye 28, kisha irudishe juu ya mvuke kidogo sana ifike 31 au 32. Sababu ya kuhangaika hivi ni mafuta ya kakao. Yanaweza kuganda kwa namna mbalimbali, na tunayoitaka sisi ni ile inayong'aa na kukatika kwa mlio. Ukiyeyusha tu na kuchovya, pipi zinabaki na michirizi ya kijivu. Zinalika, ila hazipendezi. Jaribu kwa ncha ya kisu: ikikauka na kung'aa ndani ya dakika 5, twende.

Kipande juu ya uma, zamisha, inua, gongagonga uma kwenye ukingo, weka kwenye karatasi. Mimi naongeza punje chache za chumvi juu kabla haijakauka. Chokoleti ikianza kuwa nzito, ipashe kidogo, isipite 32. Na bakuli likitoka kwenye mvuke, mmeshajua: futa.

Zikauke zenyewe mahali penye ubaridi. Friji ina unyevunyevu, itaziharibia sura. Zikikauka, ziweke kwenye kopo lenye mfuniko, zitakaa wiki 2 kama wenye nyumba wataziacha. Mnaotumia chokoleti ya maziwa, yeyusheni mpaka 40 hadi 45, shusheni mpaka 27, mchovye kwenye 29 hadi 30, mengine yote ni yale yale.