Barua Zifunguke kwa Mkono Wowote: Mhadhara Mjini Lamu

Assalaam alaikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa mlangoni kwa ajili ya upepo, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie programu nyepesi ya barua pepe, itakayofaa kompyuta za zamani tulizo nazo majumbani, na namna ya kuhifadhi barua zikasomeka miaka mingi baadaye. Nitaanza na barua nilizozipoteza.

Ami yangu aliishi Maskati, na huko ndiko alikofia. Kwa miaka tisa aliniandikia juu ya nyumba ya babu kule Mkomani: boriti zipi zimeliwa na mchwa, chokaa ichanganywe vipi, na zidaka za ndani zisiguswe na fundi yeyote mpaka yeye aone picha kwanza. Aliijua nyumba ile ukuta kwa ukuta. Barua zake zote zilikuwa ndani ya programu niliyouziwa pamoja na kompyuta. Kompyuta ilipokufa nilikuwa nimeshanakili folda nzima kwenye flashi, nikajiona nimesalimika. Kuja kuifungua kwenye laptopu nyingine, nakuta faili moja kubwa, na ndani yake alama zisizosomeka. Programu iliyokuwa ikiifungua haikukubali tena kusakinishwa. Mafundi wa nyumba wakawa wananiuliza mambo ambayo majibu yake ninayo mkononi, na siwezi kuyasoma.

Tangu siku hiyo, mtu akinisifia programu ya barua, swali langu la kwanza ni hili: barua inaziweka wapi, na kwa umbo gani? Misahafu iliyonakiliwa Siyu karne ya 18 na ya 19 inasomeka hadi leo, kwa sababu msomaji hahitaji kuazima kalamu ya mwandishi ndipo asome. Nataka barua zetu ziwe hivyo.

Na inawezekana, maana barua pepe kwa asili yake ni maandishi matupu. Ray Tomlinson alipotuma ya kwanza kupitia ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaka 1971, akatumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na la mashine, alituma herufi tu. Kanuni iliyotolewa mwaka 1982 ikathibitisha umbo tunaloliona hata leo: juu mistari ya kichwa, imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, tarehe na mada; kisha mstari mmoja mtupu; kisha barua yenyewe. Mwaka 1992 ikaja kanuni nyingine, MIME, ndipo picha na viambatisho vikapata njia rasmi ya kusafiri. Lakini navyo hugeuzwa herufi: kila baiti 3, yaani vipande vidogo vya data, huandikwa kwa herufi 4, kwa hiyo picha huongezeka uzito kwa theluthi nzima, na bando lako ndilo linaloliwa. Na barua yenye marembo ya HTML, lugha ya kupambia kurasa za mtandaoni, mara nyingi hubeba maneno yale yale mara mbili, matupu na yaliyopambwa.

Sasa, namna za kuziweka. Iliyo kongwe huitwa mbox: barua zote za folda moja zimo ndani ya faili moja, zimefuatana kama kurasa za daftari, na kila moja huanza na mstari wenye neno «From». Inasomeka, na mimi nimeitumia. Ubaya wake ni kwamba faili moja hukua mpaka ikawa mzigo, na stima ikipotea katikati ya kuandika, linaloumia ni daftari zima. Hapa kwetu stima hupotea.

Namna ya pili ni Maildir, iliyobuniwa na Daniel J. Bernstein. Kila barua ni faili yake. Inapoingia huandikwa kwanza kwenye folda iitwayo tmp, na ikishakamilika ndipo huhamishiwa new. Ukiisoma huenda cur. Stima ikikatika, kilichopotea ni ile barua moja iliyokuwa njiani. Ipo pia MH, ambayo ni kongwe vilevile: kila barua faili yake, na jina lake ni namba tu, 1, 2, 3.

Kwa anayependa madirisha na vitufe, ushauri wangu ni Claws Mail. Imetokana na Sylpheed, iliyoandikwa na Hiroyuki Yamamoto wa Japani, na zote mbili huweka barua kwa MH na huandika barua kwa maandishi matupu. Zipo za mifumo ya Linux na Windows, na kompyuta iliyozeeka inazimudu. Kijana asiyeogopa kuandika amri namshauri Mutt, iliyoanza mwaka 1995: haina madirisha, inasoma mbox, MH na Maildir, na ina amri ya kunakili barua ikiwa imeshafumbuliwa. Thunderbird ni nzito zaidi na kwa kawaida hutumia mbox. Lakini ukiwa nayo tayari na mashine yako ina nguvu, kaa nayo, maana inakuruhusu kuhifadhi barua moja moja kama faili ya maandishi.

Nimesema «imeshafumbuliwa», na hapa ndipo wengi hukwama, basi nipeni subira. Faili ya MH au Maildir ni barua kama ilivyosafiri. Ndugu yako wa Maskati akikuamkia kwa herufi za Kiarabu, huenda ukaikuta salamu yake ni msururu wa herufi na namba zisizo na maana, au alama za sawasawa (=) kila mahali. Haijaharibika, imevikwa nguo za safari. Kwa hiyo barua unayoijali iweke mara mbili: ya asili ibaki ilivyo, na viambatisho vyake ndani, kisha nakala ya maandishi matupu pembeni. Unapohifadhi nakala hiyo chagua UTF-8, namna ya kuandika herufi inayobeba na za Kiarabu. Namna ya zamani, ASCII, ina alama 128 tu, na hakuna hata herufi moja ya Kiarabu humo. Jina la faili lianze na tarehe, mwaka mbele, kama 2014-03-09, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano.

Jambo la kuchukua barua kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokupokelea barua, nitalipitia haraka. Njia ni mbili, IMAP na POP3. Kwa IMAP barua hubaki kule, na ukifuta hapa imefutika na kule. POP3 huzishusha kwako, na baadhi ya programu zisipoambiwa huzifuta kule, kwa hiyo tafuta mahali pa kuamuru zibaki. Baadhi ya kampuni kubwa hazikubali tena neno la siri la kawaida kutoka kwa programu za aina hii. Nyingine zitakutaka utengeneze neno maalumu la programu hiyo. Hilo tutalifanya pamoja, msilihangaikie.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: nitajuaje kama yangu ni salama? Funga programu ya barua kabisa. Nenda kwenye folda inakoweka barua, chukua faili moja, ifungue kwa Notepad, programu ndogo ya maandishi iliyomo ndani ya Windows. Ukiona jina la mtumaji, tarehe na mada, uko mahali pazuri. Ukiona alama kama zile nilizoziona mimi, basi leo, kabla programu hiyo haijafa, anza kuzitoa barua moja baada ya nyingine, ukianza na za wale ambao hawataandika tena.

Stima ipo sasa. Waliokuja na laptopu wasogee meza hii ya mbele, tuitafute folda hiyo.