Pambizo za Isaac Pitman

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Kabla sijaanza, nani humu ndani amesomea uhazili? Naona mikono mitatu, na mmoja unajificha nyuma. Nyie mnamjua Pitman. Mlitakiwa kufaulu hati mkato, ule mwandiko wa alama fupi wa kunasa maneno kwa kasi ya msemaji, maneno 80 kwa dakika, wengine 100, na jina lake mlikuwa mkiliona kila mnapofungua kitabu. Jioni hii nitamzungumzia huyohuyo aliyeitunga hati mkato hiyo, ila nitaanzia kwenye Biblia, maana bila Biblia sidhani kama hati mkato hiyo ingetufikia.

Alizaliwa Trowbridge, Uingereza, Januari 1813. Baba yake alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha nguo. Isaac aliacha shule akiwa bado mtoto, akawa karani kiwandani, na elimu iliyobaki akaitafuta mwenyewe vitabuni. Hapo ndipo palipokuwa na shida: maneno mengi aliyajua kwa macho, hajapata kuyasikia yakitamkwa. Kiingereza mnakijua, kinaandikwa hivi, kinasomwa vile. Kijana akachukua kamusi ya matamshi ya Walker, akaipitia na kuorodhesha kila neno alilokuwa akilikosea. Kamusi nzima, jamani.

Baadaye akasomea ualimu London, akafundisha Barton-upon-Humber, kisha Wotton-under-Edge. Katika miaka hiyo ndipo alipoifanya kazi ambayo watu wengi huiruka wanaposimulia maisha yake. Mchapishaji mmoja wa London, Samuel Bagster, alikuwa na Biblia kubwa yenye rejea kwenye pambizo. Mnazifahamu: aya iko katikati ya ukurasa, na pembeni kuna vijinamba vya kukupeleka Zaburi, Isaya, Waebrania. Biblia hiyo ilikuwa na rejea kama 500,000. Pitman alizihakiki zote, na ilimchukua miaka mitatu hivi. Unasoma kinamba, unafunua, unakuta aya siyo. Unaanza kuisaka iliyokusudiwa. Mimi nilijaribu rejea 20 tu za Mwanzo sura ya kwanza, usingizi ukanichukua.

Wapo watakaosema huyo si msomi wa Biblia, ni msahihishaji tu. Hakuwa na shahada, kweli. Lakini nionyesheni profesa aliyeipitia Biblia kwa namna hiyo.

Mwaka 1837 alifukuzwa kazi Wotton kwa sababu alijiunga na kanisa la wafuasi wa Swedenborg, mwanateolojia wa Sweden. Akafungua shule yake mwenyewe palepale. Wakati huo alikuwa ameandika kitabu cha kufundishia hati mkato ya Samuel Taylor, mfumo uliotangulia wake, akampelekea Bagster, ambaye tayari alimjua kwa zile rejea. Bagster akampa mwandishi mzoefu wa fani hiyo akikague. Jibu likarudi: vitabu vya Taylor vimejaa sokoni, bora atunge mfumo wake. Novemba 1837 kikatoka kijitabu *Stenographic Sound-Hand*, bei peni nne. Kichwa chake chenyewe kinasema: mwandiko wa sauti. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimsumbua tangu enzi za kamusi.

Ngoja nichore ubaoni. Mstari huu mwembamba ulioegemea ni *p*. Ukikandamiza kalamu, ukawa mnene, ni *b*. Wima mwembamba ni *t*, mnene ni *d*. Wa kulala mwembamba ni *k*, mnene ni *g*. Kwa hiyo *pata* na *bata*, *kamba* na *gamba*, tofauti yake ni uzito wa mkono tu. Irabu ni nukta na vistari vya pembeni, na mwandishi mwenye haraka huziacha, kama wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila kutia irabu. Hapo tahadhari: *baba*, *bibi* na *bubu* zote zinabaki *b* mbili. Mahali unapoliweka neno, juu ya mstari au likiukata, hukusaidia kumtenga baba. Lakini bibi na bubu huangukia mahali pamoja! Muktadha ndio unaookoa ndoa.

Januari 1840 posta ya peni moja, yaani kutuma barua nchini kwa peni moja tu, ikaanza Uingereza, na mwaka huohuo Pitman, akiwa sasa Bath, akachapa mfumo wake kwenye karatasi moja ya bei hiyohiyo. Mwanafunzi alinakili aya za Biblia kwa hati mkato, akazituma, zikarudi zimesahihishwa. Wengine husimulia kwamba zilikuwa postikadi, lakini postikadi Uingereza zilianza 1870. Ndugu yake Benn aliupeleka mfumo Marekani, na mwaka 1865 ndiye aliyeongoza kurekodi kesi ya walioshtakiwa kwa njama za kumuua Rais Lincoln.

Malkia Victoria alimpa Isaac cheo cha Sir mwaka 1894. Alifariki Bath Januari 1897. Aliacha neno kwa watakaouliza alivyokufa: waambieni aliondoka kwa amani, kama mtu anayetoka chumba kimoja kwenda kingine kushika kazi nyingine.

Karibuni kwa maswali. Na yule aliyeficha mkono, njoo ubaoni utuandikie *bibi*.